Mwacheni mtoto atengeneze gemu, ila hiyo betri bapa itoke

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, miguu imevimba, chai iko hapa pembeni inapoa, na leo nina ugomvi. Nilijiahidi mwaka huu sibishani na mtu mtandaoni. Hili limenishinda.

Wiki iliyopita niliweka picha ya kijana wangu, miaka 11, ameshika gemu ndogo aliyoitengeneza kwa mikono yake. Haikununuliwa dukani. Ni kibao cha sakiti kidogo kuliko kiganja changu, kioo chembamba chenye mwanga, vitufe vitatu, na kispika kinacholia pi pi pi. Nilijivunia mwanangu kama mama yeyote. Basi, nikaona moto.

"Nesi mzima unampa mtoto chuma cha moto?" "Si umpe simu atulie, dada." "Mtoto asome, hizo nyaya za nini?" Na mmoja, huyu ananijua kabisa mpaka kwetu, akaandika, "Manesi wa siku hizi ndio hawa."

Haya. Nesi wa siku hizi anajibu. Ila nianze na kitu ambacho kwenye ile picha sikukisema, na kati ya nyote mliopiga kelele hakuna hata mmoja aliyekigusa. Hiyo gemu ilinitia hofu ambayo sijawahi kuipata tangu nivae sare nyeupe. Chuma cha moto hakikuhusika. Hatari ilikuwa mgongoni kwa kile kibao, upande ambao kamera haikuona. Endeleeni kusoma, msikimbilie kujibu.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuielewe gemu yenyewe, maana wengi mnagombana na kitu msichokijua. Mimi pia sikukijua, nilifundishwa na mdogo wangu wa kiume, mjomba wao, ambaye ni fundi wa redio na simu hapa Morogoro.

Vifaa vinakuja kwenye kifuko kimoja: kibao kitupu, vitufe, kioo, na chipu nyeusi yenye miguu minane inayoitwa ATtiny85. Mtoto anavipanga, anavilehemu kimoja kimoja, halafu mnaunganisha na kompyuta mnaingiza programu. Hiyo chipu ina nafasi ya kilobaiti 8 tu kwa mchezo mzima. Picha moja ya simu yako, ile ya keki ya birthday, inakula kilobaiti elfu kadhaa. Nafasi ya kufanyia kazi ndiyo kichekesho zaidi: baiti 512. Kioo kina nukta 128 kwa 64, na ukitaka kuhifadhi picha nzima ya hicho kioo unahitaji baiti 1,024. Yaani chipu haiwezi kukumbuka hata kioo kimoja kizima. Inachora mstari, inasahau, inachora mstari mwingine, haraka mpaka jicho linadanganyika.

Kijana wangu alipoelewa hilo alikaa kimya dakika nzima. Nawaambia ukweli, mtoto huyu hesabu za kuzidisha tulikuwa tunapigania kwa fimbo ya macho. Siku hiyo alichukua daftari mwenyewe akapiga 128 mara 64, akagawa kwa 8, akapata 1,024, akaja kunionyesha jikoni kama amepata hela.

Mchezo wenyewe ni ule wa kipira kinachogonga matofali, wa aina ya Breakout ambayo Atari waliitoa mwaka 1976. Hauna matangazo, wala intaneti, wala mtu asiyemjua anayemtumia ujumbe saa nne usiku. Ukikosa kipira mara tatu umekwisha, unaanza upya au unakwenda kulala. Mwenzenu nilikuwa nimefurahi sana.

Sasa geuza kibao. Nyuma kuna kishikio cha chuma, wazi kabisa, na ndani yake betri bapa ya mviringo, inang'aa kama sarafu mpya. Imeandikwa CR2032. Hizo namba zina maana: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Inatoka kwa kusukumwa na kidole. Kidole cha mtoto wa mwaka mmoja kinatosha.

SEHEMU YA 3

Ilikuwa Jumapili jioni. Betri ya gemu ilikuwa imeisha, mkubwa akaitoa, akaiweka kwenye meza ya sebuleni, akaenda kwenye droo kutafuta nyingine. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Mdogo, wa kike, mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa mkekani pembeni ya hiyo meza na midoli yake.

"Mama, umeiona betri yangu?"

Nilisikia hilo swali na mwiko ukanitoka mkononi. Nilifika sebuleni, binti anatafuna. Nikamfungua mdomo, kipande cha ndizi. Nikaangalia chini ya meza, kwenye mkeka, ndani ya nguo zake, kwenye nepi. Hakuna betri. Na yeye ananiangalia tu anacheka, udenda unamtoka, na udenda kwa mtoto anayeota meno ni kitu cha kila siku. Hapo ndipo ugumu ulipo: dalili ya hatari na dalili ya meno zinafanana.

Mimi, ambaye nimewaambia wazazi "tulia mama, vuta pumzi" mara nyingi kuliko nywele zangu, nilikuwa natetemeka nikashindwa kuvaa viatu. Nilimpa asali vijiko viwili vidogo kwa sababu ameshavuka mwaka, nikafunga khanga, jirani akawasha bajaji. Niliingia hospitali miguu mitupu.

Walimpiga eksirei kuanzia shingoni mpaka tumboni. Picha ilikuwa safi. Hakuna kitu. Nilikaa chini sakafuni pale pale nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Betri tuliipata Jumatano. Ilikuwa imenasa kwenye sumaku ya spika mbovu, ndani ya boksi la vyuma vya mjomba lililokuwa juu ya ile ile meza. Kwa hiyo binti yangu hakuimeza, na namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini siku tatu zile sikulala. Na nilijua kosa ni la nani. Mimi ndiye niliyeona kile kishikio siku ya kwanza, nikajisemea "nitamwambia mjomba abadilishe", nikaenda zamu.

Ya wodini sitawasimulia. Hayo ni ya watoto wa watu, na wazazi wao hawajanipa ruhusa.

SEHEMU YA 4

Wengi wameniuliza, "Si atainya tu kama anavyonya sarafu?" Jamani. Hapana. Hii naomba uisome mara mbili, na umsomee na dada wa kazi.

Sarafu ni chuma kimekaa tu. Betri bapa ina umeme. Ikikwama kwenye umio, njia ya chakula, nyama laini na mate ya pande mbili vinakuwa waya. Umeme unapita, na kwenye upande wa hasi inatengenezwa magadi makali ya kuunguza, mfano wa dawa za kuzibulia mabomba. Haihitaji ipasuke wala ivuje. Ndani ya saa mbili inaweza kuunguza vibaya, na kidonda kinaendelea kwenda ndani hata baada ya betri kutolewa, mpaka kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Na betri "iliyokufa", ile ambayo gemu imeikataa, bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Yenye upana wa milimita 20 ndiyo mbaya kuliko zote kwa wadogo, kwa sababu inakwama.

Dalili: udenda mwingi, kukataa kula, kikohozi, kutapika, kupumua kwa sauti, kulia akimeza. Au hakuna dalili yoyote. Mtoto anacheka kama wangu alivyokuwa anacheka.

Ukihisi amemeza, hata kama huna uhakika, nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi. Usisubiri asubuhi, usisubiri baba arudi. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji. Akiwa amevuka mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, HUKU UKIWA NJIANI. Asali inapunguza makali ya kuungua, haiponyi, na kama haipo nyumbani usiende dukani kuitafuta, nenda hospitali. Chini ya mwaka mmoja asali hairuhusiwi kabisa. Ukifika mwambie daktari neno "betri", usiseme "kitu", kwa sababu kwenye picha betri na sarafu vinafanana, tofauti ni duara la pili dogo linaloonekana ukingoni, na mtu aliyechoka anaweza kupitwa.

Imeingia puani au sikioni? Usidondoshe matone ya aina yoyote. Nenda vile vile.

SEHEMU YA 5

Sasa ugomvi wenyewe.

Kuna watu wawili nagombana nao. Wa kwanza ni yule aliyeniandikia inbox, mwanaume, muungwana tu, anauza hivyo vifaa. Akasema, "Dada nesi, kifuko kimeandikwa miaka 8 na kuendelea. Na mama ni wajibu wake kumchunga mtoto."

Kaka yangu. Nyumbani kwangu mwenye "miaka 8 na kuendelea" haishi peke yake. Ana mdogo wake. Ana binamu wanaokuja Jumamosi. Ukiandika umri kwenye kifuko umemuelezea mtoto anayelehemu. Yule anayetambaa chini ya meza hajui kusoma kifuko chako.

Na hilo la "mama amchunge" ndilo lililonipandisha hasira kweli. Nimesikia wodini, nimesikia kanisani, nimesikia kwa mawifi. Kila mtoto akiumia swali la kwanza ni, "Mama yake alikuwa wapi?" Mimi nitakwambia alikuwa wapi. Alikuwa anakaanga dagaa. Hakuna mwanamke anayeweza kumwangalia mtoto kila sekunde kwa miaka mitatu, na mimi nina cheti cha diploma ya kuangalia watu. Ukimuuzia kitu ambacho usalama wake unategemea mama asipepese macho, umemuuzia kitu kibovu.

Mbona wengine wameliona? Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria inaitwa Sheria ya Reese, kwa jina la mtoto aliyefariki baada ya kumeza betri bapa. Inataka sehemu ya hizo betri ifungwe isifunguke bila bisibisi au sarafu, au bila mikono kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Australia nao mwaka huo huo 2022 walianza kulazimisha viwango vyao. Hawakusema mama apewe semina. Walisema mfuniko ufungwe.

Skrubu moja, kaka yangu. Skrubu haichoki, haiendi zamu, haikaangi dagaa.

Wa pili ni wewe mama mwenzangu unayesema "ndiyo maana mimi kwangu hayo makorokoro hayaingii". Mama, yameshaingia. Nenda kaangalie rimoti nyembamba ya redio au feni. Ufunguo wa gari wa baba. Mizani ya kujipimia unene. Kadi ya birthday inayoimba. Vimishumaa vya plastiki vya sherehe. Kipimajoto cha homa, kile nilichokushauri mimi mwenyewe ununue, kina kibetri chake ndani. Kwa kijana wangu betri niliiona kwa sababu kibao kilikuwa wazi. Kwako imejificha nyuma ya mfuniko wa plastiki unaofunguka kwa kucha. Kumnyima mtoto gemu hakuiondoi.

SEHEMU YA 6

Tulifanyaje? Hapa ndipo nilipocheka mwenyewe, maana nilitegemea mjomba aseme haiwezekani.

Betri bapa moja ni volti 3. Betri ya AA, ile ya saa ya ukutani, ni volti 1.5. Mbili zikifuatana ni volti 3. Zile zile! Chipu haijui tofauti. Mjomba alimpa kijana kazi: ang'oe kile kishikio, alehemu waya mbili, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, upande wa pili aunganishe kisanduku cha plastiki cha betri mbili za AA chenye mfuniko wa skrubu na swichi. Dakika arobaini, na ishirini kati ya hizo ni kubishana. Bei ya hicho kisanduku haikufika nauli ya bodaboda yangu ya kwenda na kurudi kazini.

Halafu ikawa bora zaidi. Betri bapa ya aina ile inabeba kama mAh 220. AA nzuri ya alkalaini inapita 2,000. Kwa hiyo ile iliyokuwa inaisha kila mara, nami napigiwa kelele ninunue nyingine, sasa inakaa muda mrefu. Muuzaji anasema AA zinaifanya gemu iwe nzito na mbaya. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989, ilitembea na betri nne za AA, na watoto wa dunia nzima waliibeba bila kulalamika mgongo.

Wa kwangu amekifunga kisanduku nyuma ya kibao kwa gundi na mpira. Ni kibaya kweli, kinafanana na kitu kilichotoka kwa fundi baiskeli. Anakipenda.

Mjomba alitaka pia kutumia betri za simu zilizokufa, anazo ndoo nzima. Nilikataa na tuligombana. Zile zikitobolewa au nyaya zikigusana zinaweza kushika moto, na sitaki kazi ya vidonda vya moto inifuate nyumbani.

Na sasa chuma cha kulehemia, nisije nikasemwa nimekikwepa. Ndiyo, kinafika nyuzi 350 hivi. Ndiyo, kijana aliungua, ncha ya kidole cha shahada. Tulikiweka chini ya bomba linalotiririka dakika 20. Maji tu. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna unga wa ngano, mnanisikia? Kilipona. Ile ni ajali ya mtoto mkubwa anayejua kilichomuunguza na kwa nini.

Ninachokiogopa zaidi ya huo moto ni risasi. Waya nyingi za kulehemia zimechanganywa na risasi, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo tunanunua ile iliyoandikwa haina risasi, inataka joto zaidi kidogo, mjomba ananung'unika, anazoea. Dirisha wazi, maana ule moshi unamkera mwenye pumu. Hakuna kula mezani pale, mikono inaoshwa kwa sabuni, meza inafutwa kwa kitambaa kibichi. Mdogo yuko chumba kingine na mlango umefungwa. Na mama mjamzito, wewe kaa mbali, utaona gemu ikiisha.

SEHEMU YA 7

Mmeniuliza kwa nini nang'ang'ana. Si niitupe tu hiyo gemu, yaishe?

Nilitaka kuitupa. Ile Jumapili usiku tuliporudi nilikichukua kile kibao nikakiweka kwenye ndoo ya takataka. Asubuhi nikamkuta mkubwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, hajala, macho mekundu. Akaniuliza, "Mama, mimi ndio nilitaka kumuua mdogo wangu?"

Mama zangu, mngemjibu nini? Ningemwambia "usiguse tena nyaya" angeelewa kwamba jibu ni ndiyo. Nilikitoa kwenye ndoo, nikakipangusa maganda ya vitunguu, nikamwambia hapana, aliyekitengeneza kishikio wazi na mimi niliyekiona nikanyamaza tuna kosa kubwa kuliko lako, wewe umesahau kitu mezani kama watoto wote. Twende kwa mjomba tukirekebishe.

Yeye ndiye aliyekaza zile skrubu. Alizikaza mpaka bisibisi ikateleza. Halafu akampa mdogo wake akishike, akasimama juu yake dakika nzima kuona kama atakifungua. Alikitafuna, akakipiga sakafuni mara mbili, akakitupa. Hakikufunguka.

Ungekuwa umempa simu ili atulie, dada yangu uliyeniandikia, angetulia kweli. Sikatai. Wangu hatulii. Sasa hivi anazunguka nyumba za jirani na bisibisi anaangalia rimoti za watu, na binti wa jirani wa miaka 9 ameshaungana naye kwa sababu anataka kutengeneza ya kwake, ya nyoka anayekula mayai. Mama yake aliniuliza kama ni ya wasichana. Nikamwambia aje na betri mbili za AA.

Rimoti nne mpaka leo wamezikuta mifuniko imelegea. Wamezifunga kwa plasta ya hospitali, ambayo naomba msiniulize imetoka wapi. Mjomba ameagiza visanduku vingine sita kutoka Kariakoo, vya betri mbili, vyenye skrubu. Vikifika nitaweka picha, na safari hii nitapiga mgongo kwanza.

Betri bapa zilizokwisha tumezibandika selotepu pande zote mbili, moja moja, ziko kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko kigumu, juu ya kabati. Kesho niko zamu ya usiku. Wenye maswali ya mtoto aliyemeza kitu msiniandikie hapa, sitayaona. Wahini hospitali.